Bwana Alimasi Ameachwa

Sikudhani alikuwa na waume wawili, na wote wawili waliitwa Alimasi. Wa kwanza alikuwa amelala makaburini, nje kidogo ya Kolwezi, baada ya maisha marefu ya kusafirisha mihogo na samaki wakavu. Wa pili alikuwa akikaa Musonoi kwa wazazi wake, hajui bado kufunga kifungo cha kaptula yake, na godoro lake lilianikwa juani karibu kila asubuhi.

Huyu wa pili alikuwa mjukuu wake. Alizaliwa matanga ya babu yake yakiwa ndiyo kwanza yameanuliwa, akapewa jina la marehemu kabla kitovu hakijadondoka. Na mjukuu wa kiume, kila mtu anajua, ni mume wa bibi yake. Utani huo haukuanzia kwa Sikudhani na hautaishia kwake, ila yeye aliufanya kwa bidii kuliko wanawake wote wa Manika. Akimwona mtoto anakuja, alimwita bwana yangu, akamfutia kiti vumbi, akamuuliza kazi ilikuwaje na ile nguo aliyoahidi kumnunulia imekwama wapi. Alimasi, mtoto wa miaka mitano, alijibu kwa uzito kwamba kazi ni nyingi na nguo iko njiani.

Mwamini, mama wa mtoto, alikuwa na shida nyingine. Mkaza mwana mwenye adabu halitaji jina la baba mkwe wake, awe hai au awe amekufa, na sasa jina hilo lilikuwa linatembea uani mwake na kamasi puani. Kwa hiyo alimwita mwanawe Tata, yaani baba. Tata, njoo ule. Tata, shuka juu ya ukuta. Tata, lete huo mkono nikuchape. Mtu mgeni akipita Musonoi na kumsikia mama kijana akimtishia tata yake mwiko, alitikisa kichwa na kusema kweli dunia imeharibika.

Sasa, pamoja na ubwana wote huo, mjukuu hakuwa amewahi kulala kwa bibi yake mpaka kukapambazuka. Alijaribiwa mara moja, siku ya Idi. Mchana alikuwa mtu mzima, akaenda msikitini na bibi yake, akala, akacheza. Jua lilipozama akaanza kulia, na hakulia kwa zamu kama watoto wengine, alilia moja kwa moja kama mashine. Wakamwimbia, wakampa sukari, wakamwonyesha mbuzi wa jirani. Mwisho ikabidi Tata Kalombo, anayekaa nyumba ya pili, ampakie kwenye baiskeli yake na kumrudisha Musonoi, analia njia nzima. Kalombo si mtu mbaya, lakini habari haikai tumboni mwake. Kesho yake hata wachuuzi wa sokoni walikuwa wanampa Sikudhani pole ya kukimbiwa na mume.

Tangu siku hiyo Mwamini hakumwacha tena mtoto Manika. Akiwa na safari alimpeleka kwa dada yake mkubwa, pale pale Musonoi. Na kila mara alimwambia mkwewe kwa sauti ya chini, huku amepiga goti kidogo, kwamba afadhali mama apumzike. Adabu ni silaha mbaya sana mkononi mwa mkaza mwana, kwa sababu huwezi kuigombeza. Sikudhani aliitikia asante, akarudi ndani, akasonga bukari yake ya jioni. Mkono wake ulikuwa bado unapima unga wa watu wawili, na kila siku nusu ya ile bukari iliishia kwa kuku wa jirani. Alikuwa mpweke, na aliona haya kusema kwamba ni mpweke, basi alisema tu kwamba kuku wa Fidélie wamenenepa.

Ndipo mdogo wake Mwamini akaposwa huko Likasi. Harusi ikapangwa, na ukoo mzima wa Mwamini ukaamua kwenda, pamoja na yule dada mkubwa. Omari, mtoto wa Sikudhani, ndiye mwenye lori, kwa hiyo ndani ya lori wakapangwa mashangazi, masufuria, mifuko ya unga na mbuzi wawili. Alimasi hakupangwa. Safari ya mwisho, walipokwenda Sandoa, alikuwa ametapikia kitenge kipya cha mama yake, akajifuta, kisha akatapika tena. Mwamini aliangalia kulia, akaangalia kushoto, hakumwona mtu wa kumwachia mtoto isipokuwa yule aliyemtaka zaidi ya wote.

Akaja Manika mwenyewe kusema, akakaa kwenye ncha ya mkeka, akasema kwa heshima lakini alisema.

"Mama, ni usiku moja tu. Lakini akilia tena kama ile siku, mi sitamuleta tena mpaka atakuwa mukubwa. Hapana kwa mubaya. Mi nitakuwa kule, roho yangu itakuwa huku."

"Hatalia," alisema Sikudhani.

Alisema hivyo kama mtu aliyekwisha kuongea na mtoto wakakubaliana. Mwamini alipoondoka, alikaa palepale kwenye mkeka akijiuliza ni shetani gani aliyemfungua mdomo.

Jumamosi asubuhi lori likasimama mbele ya nyumba, limejaa mpaka juu, linaimba arusi kabla ya arusi. Omari alishuka, amevaa koti la abakosti lililofungwa mpaka kooni na joto lote lile. Mwamini akamshusha mtoto. Alimasi alikuwa amevaa viatu vyake vya plastiki vya buluu, na mkononi amekumbatia kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa: shati, kaptula, kikombe chake cha bati na kimto kidogo. Mama yake alitaka kumpokea kile kifurushi, akakataa. Alisema atabeba mwenyewe.

Sikudhani alikuwa amejiandaa kwa vita. Ndani alikuwa na karanga, muwa, mandazi na kifaranga kimoja cha kuazima. Lakini mtoto alisimama wima. Baba yake alimpa mkono, akaupokea. Mama yake aliinama na kumwambia kitu sikioni, akatikisa kichwa kukubali. Kisha Alimasi akawaangalia wote wawili na kuwaambia wabakie salama, maneno ambayo kwa kawaida husemwa na anayeondoka, akageuka na kuingia ndani na kifurushi chake. Lori likanguruma, mashangazi wakapiga vigelegele, vumbi likapanda. Mtoto hakutoka hata kuchungulia.

Fidélie alikuwa amesimama kwenye ua, mikono kiunoni. Huyu ndiye jirani mwenye kuku. Karatasi za serikali zilikuwa zinamwita Mianda, tangu majina ya Kizungu yapigwe marufuku, lakini mtaani hakuna aliyekuwa na nafasi ya kujifunza upya. Alikuwa ametoka makusudi kusikiliza kilio. Aliposikia kimya, uso wake ulimshuka kidogo.

Sikudhani alimsalimu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ndani, Bwana Alimasi alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mali yake. Alifungua kifurushi, akatoa shati, akauliza msumari wa babu uko wapi. Msumari ulikuwa ukutani, na kofia ya marehemu ilikuwa bado inaning'inia pale, hakuna mtu aliyewahi kuigusa. Alimasi akaomba anyanyuliwe. Akatundika shati lake juu ya kofia, akashuka, akaangalia kama limenyooka. Kikombe akakiweka mezani. Halafu akauliza kazi yake ni gani hapa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja hata ya kwanza iishe. Sikudhani alicheka mpaka akashika mlango, akamwambia mwenye nyumba hafanyi kazi, anakaa tu na kula. Mtoto hakucheka. Alichukua ufagio uliokuwa mrefu kumzidi na kwenda kufagia uani, akazungusha majani kutoka hapa kwenda pale, kisha akayarudisha. Kuku wa Fidélie walipoingia, hakuwakimbiza. Sikudhani alimtazama kutoka jikoni na moyo wake ukamjaa kama chungu cha maharage. Alikuwa anaona tayari Jumamosi zote zijazo, zimepangwa foleni hadi uzeeni.

Mchana alipika bukari, samaki wa ndagala na majani ya lengalenga. Moshi ulipofika puani mwake ndipo akakumbuka kwamba mtoto huyu hali mboga za majani. Musonoi walikuwa wamejaribu kumdanganya, kumbembeleza na kumtisha, na kila mara mboga ilirudi kwenye sahani. Akaanza kutafuta yai. Lakini Alimasi alinawa, akakaa, akamega bukari, akachovya kwenye lengalenga, akameza. Machozi yalimlenga kidogo, akameza tena. Alimaliza sahani yote, akasema asante, akaipeleka sahani mwenyewe mahali pa kuoshea.

Hapo Sikudhani alishindwa kuvumilia. Alikwenda uani, akajifanya anaanika kitambaa, akamweleza Fidélie kwa kirefu kwamba watoto hawakatai mboga, wanakataa mikono ya mpishi. Fidélie alijibu kwamba jua bado halijazama. Sikudhani akasema na lizame.

Na kweli likaanza kuzama. Alimpeleka mtoto kuoga, naye akajimwagia maji mwenyewe na kusugua hata nyuma ya masikio bila kukumbushwa. Akampaka mafuta, wakakaa mlangoni, yeye kwenye kigoda na mtoto kizingitini. Manika ilikuwa imetulia. Huko Musonoi saa hizi wangekuwa wamekwisha kusikia mlipuko wa machimboni na sahani kutikisika kabatini, lakini hapa kulikuwa na kuku tu wanaogombania mahali pa kulala. Ilikuwa ndiyo saa ya vilio, na Sikudhani alikuwa ameweka mandazi tayari mapajani.

Alimasi hakulia. Aliuliza swali.

"Nkambo," alisema, maana ndivyo wanavyomwita bibi huku, "Zena, balimuacha juu ya nini? Alifanya nini?"

"Zena gani?"

"Zena wa kwetu, wa karibu na bomba. Bwana yake alimuacha. Bakafunga bitu yake, bakaweka mu pusupusu, akaenda."

Sikudhani alikuwa anaijua habari hiyo. Zena wa Musonoi alipewa talaka na mumewe, akatoka na godoro na masufuria juu ya mkokoteni, na mtaa mzima ulisimama milangoni ukinong'ona kwamba Zena ameachwa. Watoto nao walikuwepo, kwa sababu watoto wapo kila mahali wasipotakiwa. Alimjibu kwamba mambo ya wakubwa ni magumu, labda hawakusikilizana tu. Mtoto akafikiri.

"Yeye pia alitapika?"

"Atapike nini tena, bwana yangu?"

"Mi banimiacha juu nilitapika." Alijikwaa kwenye neno, akalirudia polepole. "Baliniacha. Nilitapika mu kamyo, juu ya kikwembe ya mama. Mama akasema, tunakuacha kwa nkambo. Akafunga bitu yangu." Alinyoosha mguu, akaangalia kiatu chake. "Lakini weye ni bibi yangu, mi bwana yako, basi nitakaa na weye. Sitatapika. Na lengalenga nitakula kila siku. Weye usiniache."

Mandazi yalikuwa yanapoa mapajani. Sikudhani alimwangalia huyu mume wake mdogo aliyekaa kizingitini, amepakwa mafuta, hana mahali pengine pa kwenda duniani na ameamua kuwa mpangaji mwema. Sasa aliona yote: kifurushi kilichokataliwa kupokewa, mkono aliopewa baba, ufagio, ile mboga iliyomezwa na machozi. Alikuwa amejisifu siku nzima kwa ajili ya majonzi ya mtoto. Alisikia aibu, akasikia huruma, na katikati ya hivyo viwili akasikia furaha moja mbaya, kwamba kuna mtu amekuja kukaa naye moja kwa moja.

Tuseme ukweli, alisita. Fidélie alikuwa upande wa pili wa ua, anasikika akivuta kigoda karibu. Mtoto akiendelea kuamini hivi, atalala kama gogo, maana aliyeachwa hana wa kumlilia. Kesho mama yake atakuja, atamkuta mkavu wa macho, na Jumamosi zote zile zilizopanga foleni zitaingia moja moja. Lakini akiambiwa kwamba mama yupo na anarudi, ndipo atakapoanza kumtamani. Mtu hulilia kilicho chake. Ilikuwa ni kukaa kimya tu mpaka asubuhi, na kukaa kimya si uongo. Sikudhani aliyageuza hayo kichwani mara kadhaa, na kila alipoyageuza aliona sahani ya lengalenga iliyokwanguliwa.

Akaweka mandazi chini.

"Bwana yangu, sikia. Kuacha iko mbili. Siku ya Idi tulienda ku musikiti, mi na weye. Bilato yetu tuliweka wapi?"

"Ku mulango."

"Tuliiacha pale?"

"Tuliiacha."

"Tulikuwa tunaichukia?"

Alimasi aliangalia viatu vyake vya buluu, akasema hapana, ni bizuri.

"Kisha sala tulifanya nini?"

"Tulirudia. Tukavaa."

"Basi. Zena balimuacha ile ya talaka. Weye, tata na mama bamekuacha ile ya bilato. Banaenda mu arusi, kesho banarudia kukuchukua. Mutu haache bilato ku mulango juu haipendi. Anaacha juu anajua atarudia."

Mtoto alipima jambo hili kwa pande zake zote. Alikuwa na akili ya babu yake, ambaye hakuwahi kununua gunia bila kutia mkono mpaka chini.

"Na kama mwizi anabeba?"

"Mwizi atapita wapi? Ndiyo sababu bamekuacha kwa mi. Mi nachunga mulango."

"Kesho banakuja?"

"Kesho, jua ikifika pale." Alimwonyesha mpapai wa Fidélie.

Alimasi aliutazama mpapai. Akatazama barabara ilikopotelea lori. Mdomo wake wa chini ukaanza kucheza, ukatulia, ukacheza tena. Kisha akafungua kinywa na kulia.

Ee, alilia. Kilio cha Idi kilikuwa cha mazoezi. Alilia kwa ajili ya mama yake, kwa ajili ya lengalenga, kwa ajili ya kifurushi alichobeba peke yake tangu Musonoi akidhani ndio mali yake yote. Mbwa wa mtaani waliitikia. Tata Kalombo alitoka nje na taulo. Fidélie hakupitia hata mlangoni, alipenya palepale kwenye pengo la ua wanalopitia kuku, akamkuta Sikudhani amekaa chini, mtoto mapajani, anampapasa mgongo wala hamnyamazishi.

Fidélie aliuliza kama mtoto analia, swali la mtu mwenye raha, maana lilikuwa halihitaji jibu. Akauliza tena kama amwite Kalombo na baiskeli yake.

"Hapana," alisema Sikudhani. "Muache alie. Leo analia muzuri."

Fidélie alirudi alikotoka, hakuelewa, na kutoelewa kulimuuma kuliko kushindwa.

Kilio kilipoisha kwenyewe, Alimasi alijifuta kwa kanga ya bibi yake na kuuliza kama yale mandazi ni ya nani. Alikula, akaomba mengine. Kisha akatangaza kwamba lengalenga ni chakula cha mbuzi na kwamba yeye hatakula tena mpaka kufa. Alidai sukari zaidi kwenye chai. Alipanda juu ya meza kujaribu kofia ya babu, ikamfika mabegani. Alikataa kulala, akakataa tena, akadai hadithi, akaikosoa hadithi, akasinzia katikati ya kukosoa. Sikudhani alikuwa hoi. Alikuwa ameshindwa na alijua ameshindwa, maana Manika nzima ilikuwa shahidi, lakini alilala akicheka peke yake gizani. Asubuhi alikuta godoro limelowa vizuri, ishara ya mtu aliyelala kwake.

Akalianika kwenye ua, upande wa barabarani, hakuficha kitu.

Jua lilikuwa limepita mpapai kidogo lori lilipofika, na huo muda kidogo Alimasi aliutumia kuuliza maswali mengi kuhusu jua. Alipoliona lori alikimbia mpaka akaanguka, akainuka, akajitupa kwenye miguu ya mama yake. Mwamini alikuwa na hina mikononi na sauti imemkauka kwa kuimba, anang'aa kama mtu aliyekula harusi akashiba. Kabla hajamaliza kuwasalimu wakubwa, Fidélie alikuwa ameshafika na kumpa habari kamili: kwamba mtoto alilia, kwamba wamemsikia wote, mpaka kule msikitini.

Mwamini alimwangalia mtoto. Alimasi akathibitisha kwa fahari kwamba ndiyo, alilia sana.

Mwamini akapiga goti kidogo. Sikudhani aliliona lile goti, akajua linalokuja.

"Mama, mumeteseka," alisema Mwamini kwa upole. "Mara ingine nitamuacha kwa yaya, dada yangu mukubwa. Mupumzike."

Jibu lilikuwa kwenye ulimi wa Sikudhani, limeiva. Angeweza kusema kwa nini mtoto amelia, na kwamba asingelia kama yeye angefunga mdomo. Lakini aliangalia ile hina, bado mbichi kwenye kucha, na furaha ya mtu aliyemwoza mdogo wake jana. Umwambie mama kama huyo kwamba mwanawe alifagia uwanja wa watu akidhani mama amempa talaka? Hakuweza. Akasema asante mwanangu, akaenda ndani kufunga kifurushi. Alikaza fundo polepole, akalifungua, akalikaza upya. Shati alilitoa juu ya kofia ya marehemu, na msumari ukarudi ulivyokuwa.

Wakaagana. Omari akawasha gari. Alimasi alipakiwa mbele, katikati ya shangazi na sufuria, na ndipo Mwamini alipoona mguu mmoja uko wazi.

Akashuka kutafuta kiatu. Alitafuta chini ya gari, akatafuta kwenye njia, akarudi mpaka nyumbani akiwa anamlaumu Tata kwa uzembe. Akakikuta mlangoni. Kilikuwa nje ya kizingiti, upande wa kulia, kimewekwa sawasawa na kugeuzwa uso barabarani, hata vumbi kimefutwa. Akainama kukiokota.

"Mama, acha!" Alimasi alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Ile mi naiacha."

"Unaiacha namna gani? Si muzima?"

"Naiacha ile ya ku musikiti. Nitarudia."

Mwamini alisimama, kiatu mkononi, akamgeukia mkwewe. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na namna nyingine, Sikudhani alimwambia. Alimwambia kwa kifupi, akipunguza makali hapa na pale: Zena na mkokoteni wake, kitenge kilichotapikiwa, kifurushi, neno moja lenye mafundo mawili. Kuhusu lengalenga alisema tu kwamba alikula. Mwamini alisikiliza bila kupepesa. Furaha ya ile hina ikamtoka. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke, akauliza swali moja, kwa sauti ndogo, kama ni kweli mtoto alikuwa hajaanza kulia kabla ya kuambiwa.

"Alikuwa kimya kabisa," alisema Sikudhani.

"Na mulimuambia."

"Nilimuambia."

Omari akapiga honi. Mashangazi wakauliza kama kiatu kimeota mizizi. Mwamini alikifuta kile kiatu kwa pembe ya kitenge chake cha arusi, ingawa kilikuwa safi, kisha akachuchumaa, akakirudisha palepale kilipokuwa, uso barabarani. Safari hii alipoinuka hakupiga goti. Alimshika mkwewe mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama, Tata ameacha kilato yake. Siku ya posho, Jumamosi, atakuja kuichukua. Atalala."

"Na akilia?"

"Alie."

Lori likaondoka kuelekea Musonoi. Kichwa kidogo kilikuwa bado dirishani, kinapiga kelele kwamba nkambo achunge mlango, mwizi asipite, na mkono wa shangazi unakivuta ndani. Sikudhani alitoa kigoda, akakaa karibu na kile kiatu cha buluu, miguu ameinyoosha.

Fidélie alitokea kwenye pengo la kuku. Alikuwa ameona goti halikupigwa, ameona machozi, ameona kiatu kinarudishwa chini, na hakuna hata kimoja alichokielewa. Akajaribu kuanzia penye wepesi.

"Mama Sikudhani, ile kilato ni ya nani?"

"Ya bwana yangu," alisema Sikudhani. "Ameniacha."

Akacheka mpaka kuku wakakimbia.